Umeitwa semina ya lazima kazini? Hivi ndivyo unavyodai siku zako na nauli yako

Kila mwaka kusi likishika, Malindi na Watamu, pwani ya Kenya, hupoa kama ukumbi wa arusi siku ya pili. Hoteli nyingi hufunga Mei. Wafanyakazi hurudi Muyeye, Maweni na Gede, wengine hadi Ganze kwa wazee, walime kidogo huku wakingoja Julai. Halafu siku moja ya Juni simu inalia, ujumbe umeingia kwenye kundi la WhatsApp:

"Wafanyakazi wote mnatakiwa kuhudhuria mafunzo Jumatatu hadi Jumatano, saa mbili kamili. Mje na yunifomu. Asiyefika asijisumbue kurudi msimu ukifunguliwa."

Neno la mshahara hamna, la nauli hamna, la chakula hamna. Ujumbe wa namna hiyo niliupokea miaka minne mfululizo nikiwa mhudumu wa meza, na miaka mitatu ya kwanza nilikwenda na kurudi kimya. Siku tatu za kuzima moto, kubeba mgonjwa kwa machela na kupanga upya uma na visu kwa mtindo wa meneja mgeni. Nauli yangu, chai yangu. Mwisho wa mwezi, sifuri. Nilipouliza niliambiwa, "Hayo mafunzo ni faida yako wewe," nami nikaona haya hata kuendelea kusimama pale ofisini.

Mwaka wa nne tulikuwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, mama mmoja wa idara ya vyumba, mtu mpole asiyepaza sauti. Mengi nitakayoandika hapa nilimwona akiyafanya yeye. Mengine nimejifunza baadaye nikiwasaidia wenzangu kuandika barua.

Hatua ya 1: Usome vizuri ule ujumbe uliokuudhi

Tuambiane ukweli kwanza. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 haina kifungu kimoja kinachotamka kwamba siku ya mafunzo ni siku ya kazi. Mabosi wanaojua hilo hujificha humo. Haki yako imeezekwa kama paa la makuti. Kuti moja halizuii mvua, lakini yakipandana halipiti tone.

Kuti la kwanza ni kifungu cha 17: mwajiri amlipe mfanyakazi ujira wake wote kwa kazi iliyofanywa chini ya mkataba. La pili ni kifungu cha 8, kwamba sheria hiyo inahusu mikataba ya mdomo sawa na ya maandishi, kwa hivyo "wewe huna barua ya kazi" si jibu. La tatu liko mwanzoni kabisa, kwenye maana ya neno mfanyakazi: aliye chini ya mkataba wa uanagenzi naye amehesabiwa humo, kumaanisha kuwa kule kujifunza hakukutoi kwenye sheria. Juu ya yote kuna ibara ya 41 ya Katiba ya 2010, inayompa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki na mazingira ya kazi yanayofaa.

Hoja yako basi ni fupi: mwajiri ameniita, pahali alipochagua yeye, saa alizopanga yeye, nijifunze kazi ya kwake, na nisipokwenda napoteza kazi. Muda huo ni wake, si wangu.

Sasa rudi kwenye ujumbe. "Wote." "Mnatakiwa." "Asiyefika asijisumbue kurudi." Maneno hayo matatu ndiyo yanayoonyesha kuwa mafunzo ni ya lazima. Tishio lililokukera ndilo shahidi wako. Piga skrinishoti, tarehe na nambari ya aliyetuma zionekane, kisha mtumie mtu wa nyumbani siku hiyo hiyo. Ujumbe hufutwa kwa wote, na simu za watu wa pwani huishia majini.

Kama umeitwa kwa mdomo au kwa simu, andika wewe: "Shikamoo bosi. Nimepokea simu yako ya leo kwamba nifike mafunzo Jumatatu tarehe 16 saa 2 asubuhi, na kwamba ni lazima kwa wafanyakazi wote. Nitafika. Ahsante." Akijibu "sawa" umepata karatasi. Asipojibu, umeandika wewe, na hakukanusha.

Andika saa kwa namna mbili, "saa 2 asubuhi, yaani 08:00." Nimeona lalamiko likiyumba kwa sababu daftari lilisema "saa 8" na hakuna aliyekumbuka kama ilikuwa ya Kiswahili au ya simu.

Hatua ya 2: Jiulize mafunzo haya ni ya nani

Si kila mafunzo yana uzito mmoja, na ukidai yote kwa pumzi moja utashindwa hata kwa yale ambayo ni haki yako wazi.

Yenye nguvu zaidi ni mafunzo ya usalama: moto, huduma ya kwanza, dawa kali za kusafishia bwawa la kuogelea, mashine za dobi, gesi ya jikoni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 6, inamwekea mwenye mahali pa kazi wajibu wa kutoa maelezo, maelekezo, mafunzo na usimamizi ili watu wasidhurike. Kifungu cha 101 kinamtaka awape vifaa vya kujikinga wanaofanya kazi zenye hatari. Huo ni mzigo wake, hakusaidii wewe kwa hisani. Meneja akikuambia mafunzo ya moto ni faida yako, mjibu kwa adabu kwamba ni wajibu wake aliopewa na sheria, na wewe unamsaidia kuutimiza. Na ukivunjika mkono ukifanya zoezi la kubeba mgonjwa, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inahesabu ajali ya mafunzo ya huduma ya kwanza, uokoaji au kuzima moto, yaliyofanywa kwa idhini ya mwajiri, kuwa ajali ya kazini. Ripoti siku hiyo hiyo, usingoje uvimbe ushuke.

Yanayofuata ni mafunzo ya nyumba ile ile: mfumo mpya wa kompyuta pale mapokezi, namna ya kutandika kitanda wanavyotaka wao, menyu mpya. Hayakufai popote ila kwao. Hapa napo simama imara.

Kundi la tatu ndilo lenye matope: vyeti vinavyotembea na wewe ukihama. Leseni ya udereva, cheti cha mlinzi, cheti cha kuendesha boti. Chukua nahodha wa Lamu anayevusha watalii kati ya Lamu mjini, Shela na uwanja wa ndege wa Manda. Mamlaka ya Bahari ya Kenya ikitaka awe na cheti, na boti ni yake mwenyewe, gharama ni yake, hakuna wa kumdai. Kama ameajiriwa na mwenye boti au hoteli, mambo hubadilika, lakini si moja kwa moja. Cheti kitamfaa kwa bosi mwingine kesho. Ushauri wangu ni wagawane: mwenye boti alipie siku za mafunzo kama siku za kazi, na ada waelewane kwa maandishi. Nahodha anayedai vyote mara nyingi hupata uadui tu, kwa sababu hapo sheria haijamshika mkono.

Wanafunzi wa vyuo walio kwenye attachi (mafunzo ya vitendo) wana utaratibu wao kupitia chuo, siwaingizi hapa.

Hatua ya 3: Uliza kabla hujapanda matatu

Hii ndiyo hatua inayoamua mengi, na ndiyo wengi wetu tunairuka kwa haya. Tunaona kuuliza pesa kabla ya kazi ni utovu wa adabu. Tunakwenda, tunakaa siku tatu, kisha tunaanza kunung'unika stendi ya matatu.

Yule mama hakuuliza pesa. Asubuhi ya kwanza, meneja alipomaliza kutukaribisha na kutuambia sisi ni familia moja, mama aliinua mkono.

"Samahani bwana meneja. Hizi siku tatu zitaandikwa kwenye rejista gani?"

"Rejista ya nini, mama?"

"Ya mahudhurio. Tumeambiwa asiyefika hana kazi. Sasa aliyefika tutamjuaje?"

Meneja akacheka, akamwambia karani alete rejista ya kawaida ya kazi. Tukasaini sote, arubaini na kitu, saa ya kuingia na saa ya kutoka, siku zote tatu. Hakuwa amekubali kulipa hata senti. Lakini tulikuwa tumeingia kwenye kitabu chake, kwa kalamu yake, na mfanyakazi aliyemo kwenye rejista ya kazi ni mtu wa kulipwa. Tangu siku hiyo sijawahi kumshauri mtu aanze na swali la mshahara. Anza na rejista.

Swali hilo la rejista unaweza kulituma hata kabla ya safari, kisha ufuatishe ujumbe mfupi wa gharama. Huu unatosha:

"Habari za kazi, bosi. Kuhusu mafunzo ya tarehe 16 hadi 18: naomba kujua (1) siku hizi zitaingia kwenye mshahara wa Juni au Julai, (2) nauli kwenda na kurudi itarudishwa kwa risiti au mtatoa posho, (3) chakula cha mchana kipo? Naomba jibu kabla ya Jumamosi ili nijipange. Ahsante."

Hakuna lawama wala "haki zangu" humo. Sheria utaitaja baadaye ikibidi. Ukiitaja mapema mno bosi huita wakili kabla hajaita karani wa mishahara.

Kwenye nauli na malazi sheria haijachora kiwango, kwa hivyo utashinda kwa mkataba wenu, kwa makubaliano ya pamoja ya chama na kwa mazoea ya pale kazini. Kama mwaka jana walirudisha nauli, taja hilo. Ikiwa mkataba wako unasema mahali pa kazi ni Watamu nao wanakupeleka Mombasa, hiyo ni safari ya kikazi. Sheria inataka mahali pa kazi paandikwe kwenye maelezo ya ajira yako, kwa hivyo fungua ile karatasi uliyoiweka kabatini.

Bosi anaweza kusingizia kodi. Mwambie posho ya safari ya kikazi nje ya kituo chako cha kawaida haitozwi kodi hadi shilingi 10,000 kwa siku tangu Julai 2025. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa 2,000. Akisingizia umaskini, muulize kwa upole kama analipa ile tozo ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Mwajiri anayelipa anaweza kuiomba NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, imrudishie gharama za mafunzo iliyoyaidhinisha, lakini ombi la idhini hupelekwa kabla ya mafunzo. Mabosi wadogo wadogo wengi hawajui kabisa. Nimeona mmoja akibadilika uso kwa furaha.

Watu wa visiwani Lamu wana hesabu ya ziada ambayo mtu wa Nairobi haielewi mpaka aonyeshwe. Aliyetoka Kizingitini au Faza kuja semina ya Lamu mjini hasafiri kwa saa ya meneja, anasafiri kwa saa ya maji kujaa na kupwa. Mkondo wa Mkanda, njia yao ya boti, ukikauka, boti hutia nanga ikangoja. Semina ikiisha saa kumi na maji yameshatoka, atalala mjini apende asipende. Malazi hayo si anasa. Andika kwenye ujumbe wako mapema: "Tarehe 16 maji yatatoka jioni, boti ya kurudi ipo asubuhi, kwa hivyo nitahitaji pa kulala usiku mmoja." Ukiandika hivyo kabla, utaonekana umepanga. Ukiandika baada, utaonekana umetafuta hoteli.

Hatua ya 4: Daftari

Nunua daftari dogo la mraba, la shule. Kila jioni ya mafunzo, mistari michache:

"Jumatatu 16/6. Nimetoka nyumbani Gede saa 12:40 asubuhi. Nimefika saa 1:35. Nimeanza saa 2:00. Mapumziko saa 7:00 hadi 7:45, chakula nimenunua mwenyewe, sh 150. Tumemaliza saa 11:10 jioni. Somo: moto na gesi. Mkufunzi kutoka Mombasa. Tulikuwa 43. Nauli 100 + 100, matatu haikutoa risiti."

Angalia mstari wa mwisho. Matatu hazitoi risiti, boda hazitoi, mashua hazitoi. Ndiyo maana ni bora kulipa kwa M-Pesa pale inapowezekana, ule ujumbe ni risiti. Pasipowezekana, andika kiasi jioni ile ile, usiandike Julai ukikumbuka ya Juni. Daftari lenye wino mmoja mbichi kwa siku thelathini humfanya mtu yeyote ashuku. Daftari lenye wino tofauti, doa la mchuzi na tarehe zilizopinda huaminika.

Hatua ya 5: Fanya hesabu kabla ya kudai

Usiende ofisini na "nilipwe zangu." Nenda na nambari.

Amri ya Jumla ya Mishahara huweka wiki ya kawaida ya saa 52 katika siku sita, na huipata thamani ya saa moja kwa kugawanya mshahara wa msingi wa mwezi kwa 225. Tuseme msingi wako ni 18,000. Gawanya kwa 225, saa moja ni shilingi 80. Siku ya mafunzo ya saa nane ndani ya wiki ya kawaida ni 640. Saa za ziada huhesabiwa mara moja na nusu, kwa hivyo saa ni 120. Mafunzo yakiangukia siku yako ya mapumziko au sikukuu, ni mara mbili: saa nane ni 1,280. Hoteli zina amri yao ya mishahara, na zile zenye mkataba wa pamoja na chama cha KUDHEIHA huwa na masharti yao. Angalia hayo kwanza, kisha ndiyo urudi kwenye hesabu hii.

Kama unalipwa kwa mwezi na mafunzo yalifanyika siku za kawaida za kazi, hutadai siku hizo mara ya pili. Unachoangalia ni wasikukate. Wapo wanaoandika "likizo" kwenye siku za semina ili zitoke kwenye siku zako 21 za mwaka. Likizo ni ya kupumzika, si ya kujifunza kuzima moto. Wakifanya hivyo omba zirudishwe kwa maandishi.

Kibarua wa siku hulipwa mwisho wa siku. Kibarua aliyeitwa mafunzo siku moja naye anatoka na pesa yake jioni, hata kama hakushika fagio.

Na sisi wa msimu, tuliopelekwa nyumbani bila malipo tangu Mei? Hapa mabosi husema, "Ninyi Juni hamkuwa kazini." Jibu ni kwamba aliyekuita kazini amekurudisha kazini. Kama mkataba wa zamani ungali hai, siku hizo zimo ndani yake. Kama ulikwisha, basi kuna mkataba mpya wa mdomo ulioanza asubuhi ya Jumatatu ile, ukiwa umevaa yunifomu yao. Achague mwenyewe anataka upi. Na kesi ikifika mahakamani naye hana mkataba wa maandishi wa kuonyesha, kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira kinamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti unalodai.

Hatua ya 6: Karatasi ya kutosaini haraka

Siku ya mwisho ya semina, watu wamechoka na wanawaza matatu, ndipo karatasi hupitishwa. Kichwa chake huwa "Fomu ya Mahudhurio" na mstari wa tano kwa herufi ndogo unasema umekubali gharama ya mafunzo ikatwe kwenye mshahara.

Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kimeorodhesha makato yanayoruhusiwa, na ada ya mafunzo ya mwajiri haimo. Makato mengine yanayofanywa kwa ombi lako la maandishi yanakubalika pale ambapo mwajiri mwenyewe hana faida yoyote ndani yake. Kwenye mafunzo anayo. Njia aliyobakiwa nayo ni kuiita mkopo, kwa sababu mkopo wa pesa wenye mkataba wa maandishi unaruhusiwa kukatwa, usizidi nusu ya mshahara uliobaki baada ya makato mengine. Kwa hivyo ukiona neno "mkopo" kwenye fomu ya semina, simamisha kalamu. Ulikopeshwa pesa? Ulizishika? Na kwa vyovyote vile, makato yote pamoja hayaruhusiwi kupita theluthi mbili ya mshahara.

Ile karatasi ya "nikiondoka kabla ya miaka miwili nitalipa gharama" ni jambo jingine. Si haramu. Kama kweli wamekupeleka kozi ya miezi na ya pesa nyingi, ni haki waogope utawakimbia. Ukitaka kusaini, taka kiasi kiandikwe, muda uandikwe, na deni lipungue kila mwezi unaofanya kazi. Kwa semina ya siku tatu na soda moja, mimi singesaini.

Wanaoitwa mafunzo kabla ya kazi

Vijana huniuliza hili kuliko lolote. "Njoo ujifunze wiki mbili bila malipo, ukifaulu tutakuchukua." Jiangalie mikono. Unabeba sahani za wageni wanaolipa? Unatandika vitanda vitakavyolaliwa usiku ule? Basi unafanya kazi, na kinachoitwa mafunzo ni kazi ya bure. Kipindi cha majaribio kipo kisheria, kisichozidi miezi sita, kinaweza kuongezwa hadi miezi sita mingine wewe ukikubali, na ni kipindi cha mshahara.

Anayetaka umtumie pesa ya "mafunzo na yunifomu" ndipo akupe kazi, usimtumie.

Hatua ya 7: Wakikataa

Anza ndani, na usiende peke yako. Wawili au watatu, mmoja azungumze, wengine wasikie. Kisha barua ya ukurasa mmoja: tarehe za mafunzo, nani aliita, saa, hesabu yako, jumla, na siku 14 za kujibu. Ambatisha fotokopi ya skrinishoti na kurasa za daftari, asili ibaki nyumbani. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Karani akikataa kugonga, andika nyuma ya nakala tarehe, saa na cheo chake, mwenzako asaini kama shahidi.

Kama kuna chama, mwakilishi apate nakala siku hiyo hiyo. Barua ya watu arubaini ni nzito kuliko barua arubaini.

Siku 14 zikipita, nenda ofisi ya leba, yaani ofisi ya kazi ya serikali. Kupeleka lalamiko hakuna ada. Afisa wa kazi ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi na kutaka kumbukumbu za mishahara na mahudhurio, na hapo ndipo ile rejista ya asubuhi ya kwanza inapopata miguu. Usipojua ofisi iko wapi, uliza kwenye kituo cha Huduma. Beba kitambulisho, pesilipu za miezi ya karibuni, ujumbe wa wito, daftari na ile nakala yenye muhuri.

Wengi huogopa kufukuzwa. Hofu ni ya kweli, siwezi kukudanganya. Lakini kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kinasema kulalamika dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, ila lalamiko likiwa la upuuzi lisilo na msingi. Ukiachishwa kwa hilo, una miezi mitatu ya kupeleka lalamiko kwa afisa wa kazi. Isikupite.

Mahakama iko pia. Malindi ina Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na kwa anayepata mshahara usiozidi 80,000 kwa mwezi kesi husikizwa na hakimu, hivyo mtu wa Lamu anaweza kuanzia kwenye mahakama ya Lamu bila kufunga safari. Usipeleke kwenye Mahakama ya Madai Madogo, sheria yake imeikataza kusikiza mambo ya ajira. Muda wa kufungua kesi ni miaka mitatu tangu haki yako ilipokiukwa.

Sisi hatukufika huko. Mshahara wa Julai ulikuja na mstari mpya kwenye pesilipu, "siku 3, Juni." Nauli ilikuja wiki mbili baadaye, taslimu, kwa bahasha, pamoja na karatasi ya kusaini iliyoandikwa "nimepokea haki zangu zote na sina dai lingine." Mama aliisoma mara mbili, akakata maneno hayo kwa rula na kalamu nyekundu, akaandika juu yake "nimepokea nauli ya tarehe 16, 17 na 18 Juni pekee," akasaini, akaipitisha kwa aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni.